Kivinjari cha Chumba cha Pamba

Nkololo, 12 Mei

Leo mambo mawili yameanza kwa pamoja: sisi tumeanza kuvuna, na Anselmo ametangaza tarehe. Nianze na pamba, kwa sababu ndiyo inayoniuma vidoleni.

Watu wa hapa wanajua kwamba navuna, lakini kila msimu lazima atokee mmoja wa kushangaa. Safari hii ni mke wa jirani yetu Machibya. "Minza, unaionaje hiyo pamba?" Siioni. Naishika. Tumba lililopasuka ni laini katikati na kali pembeni, na pamba iliyokomaa inakuja yenyewe ukiivuta. Macho yangu yalikufa nikiwa darasa la saba. Mikono haikuambiwa.

Sasa tarehe. Kuna kitochi, simu ndogo ya vitufe, chenye intaneti ambacho watu wengi wa huku bado wanacho mfukoni. Kampuni iliyotengeneza mfumo wake ilifunga milango ikaziacha simu zikiwa hai mikononi mwa watu. Kivinjari chake, ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti, kimezeeka hadi kila ukurasa kinakujibu kuwa si salama. Kwa hiyo sisi watu wa kujitolea, tusiolipwa na tusiojuana sura, tunatengeneza kingine. Tunakiita Sabia, jina la ndege wa kwao Anselmo, huko Brazil. Anselmo ndiye aliyekianzisha na ndiye kiongozi wetu. Halina yuko Poland. Yeye hukagua msimbo wa kila mtu, yale maandishi yanayoiendesha programu, kabla haujaingia. Mimi niko Nkololo, na sehemu yangu ni msomaji, yaani kile kinachomsomea kwa sauti mtu asiyeona yale yaliyo kwenye kioo.

Anselmo anasema toleo la kwanza litoke Julai. Nimemwandikia kwamba nitakuwa tayari.

15 Mei

Halina amerudisha kazi yangu tena. Sababu: nafasi tupu mwishoni mwa mistari. Hakuna anayeziona nafasi hizo, hata mwenye macho. Mwanamke huyu hana salamu wala kwaheri. Anselmo angalau huanza kila barua na "rafiki yangu".

20 Mei

Pamba. Jua. Pamba.

24 Mei

Kaka yangu Mashimba amerudi kutoka Bariadi mjini na simu ya kioo, kwa ajili yangu. Si mpya, lakini ameinunua kwa jasho lake, na alinikabidhi mbele ya mama na mkewe Nancy kama mtu anayetoa ng'ombe wa mahari.

Nimeijaribu mchana kutwa. Wapo wasioona wanaozitumia vizuri simu hizi, nawajua. Wana vidole vya ofisini na umeme ukutani. Vyangu vimechanwa na maganda ya pamba hadi kioo hakivitambui. Nagusa hapa, kinafungua kule. Jioni ilikuwa imeshazima. Kitochi changu nilikichaji siku ambayo hata siikumbuki.

Nimemrudishia.

"Umeidharau," alisema Mashimba.

"Sijaidharau. Yenyewe ndiyo imenidharau mimi."

Hakucheka. Nancy alicheka, akajifanya anakohoa.

30 Mei

Asubuhi kabla ya kwenda shambani nilifungua barua za kikundi, na ya kwanza ilikuwa ya Anselmo, kwa wote. Kompyuta yangu ilinisomea kwa sauti yake ya Kiingereza, taratibu kama inayosoma hati ya kiwanja.

Rafiki zangu, kaandika. Toleo la kwanza linasuasua. Simu hizi zina kumbukumbu ndogo, na sehemu inayokula kumbukumbu kuliko zote ni msomaji. Ukiwasha sauti, kurasa kubwa zinakwama. Anapendekeza msomaji aondolewe kwenye toleo hili, arudishwe baadaye. Hatuna ushahidi kwamba kuna watu wengi wanaomhitaji. Tutapiga kura Julai. Amemalizia kwa kunishukuru kwa moyo wangu wa ajabu.

Nilimsikiliza mara mbili.

Baadaye. Hilo neno sisi tunalijua. Shule ilisema vitabu vya nukta nundu vitakuja baadaye. Chuo kilisema mtihani wangu utaandaliwa baadaye, na wenzangu walikuwa wameshahitimu. Na kusema kweli, kosa la kumbukumbu si la msomaji. Ile sauti ya kusomea tuliyoiazima kwa watu wengine inachukua nafasi kubwa mno, ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta. Juu ya hayo inasoma Kiswahili kama mtalii. "Ng'ombe" inaisema "engi ombi". Jina langu inalitamka vizuri kidogo kuliko la mama yangu Milembe, ambalo sithubutu kuliandika jinsi inavyolisoma.

Nimemjibu mbele ya wote. Naweka hapa nilichoandika ili nisije nikalainisha baadaye:

"Tulijivunia kwamba Sabia haimpelelezi mtu na haihesabu watumiaji. Sasa kutohesabiwa kwetu kumekuwa ushahidi kwamba hatupo. Msiondoe kitu. Nipeni hadi siku ya kura, nitaleta sauti ndogo."

Sina sauti ndogo. Sijui nitaitoa wapi.

2 Juni

Nimeipata. Nilikuwa navuna, na watoto wa Machibya walikuwa wanapita njiani wakitoka shule, wakiimba kwa kelele: ba, be, bi, bo, bu.

Kiswahili hakihitaji sauti kubwa. Maneno yake yote yanajengwa kwa silabi, na silabi zenyewe si nyingi kihivyo. Ukimrekodi mtu akizitamka moja moja, ukazikata, simu inaweza kuziunga yenyewe: pa, mba, shi, le, Mi, le, mbe. Vipande vidogo tu, na kumbukumbu inabaki.

Niliacha mstari wangu wa pamba katikati nikaenda kumwambia mama. Alisikiliza yote, akasema, "Sawa, mwanangu. Lakini mstari wako haujaisha."

4 Juni

Nancy amejaribu kusoma silabi. Hawezi kufika "bi" bila kucheka. Mashimba amekataa kabla sijamaliza kumwomba.

5 Juni

Mama alisema mwombe baba yako.

Baba, Luhaga Ngeleja, alikuwa mpiga mnada wa ng'ombe. Watu wa hapa hadi Malampaka wanaijua sauti yake. Alikuwa akitaja bei upande huu wa mnada, upande wa pili wanamsikia bila kipaza sauti. Lakini tangu nilipoacha kuona, mimi na yeye hatujawahi kukaa na kuongea jambo lisilo la kazi. Wageni wakija, ananiita ndani nikamsaidie mama, hata kama mama hana cha kusaidiwa. Shule ya wasioona alikataa nisiende. Mama ndiye aliyenipeleka, akiaga kwamba anakwenda kumwona dada yake. Nimeishi kwa kuamini kwamba ananionea aibu, na nimemlipa kwa kutomwomba chochote.

Leo nimeomba, nikianza na salamu ya Kisukuma.

"Mwadila, baba."

"Mwadila. Kuna nini?"

Nikamweleza. Aliuliza swali moja tu: "Hao wazungu wamekuambia huwezi?"

"Wamesema hatuko wengi."

Alitema mate pembeni. "Kesho asubuhi," akasema.

6 Juni

Sebule inarudisha mwangwi. Uani kuna kuku, upepo na Nancy. Tumeshindwa.

7 Juni

Chumba cha pamba.

Kile chumba cha nyuma tunachohifadhia pamba hadi iende kituoni kuuzwa sasa kimejaa hadi karibu na dari. Niliingia kutafuta kapu, nikamwita mama, na sauti yangu ikafa pale pale mdomoni. Pamba imeinywa yote. Nimewahi kuingia studio ya redio moja huko Dodoma nilipokuwa chuo. Walikuwa wamebandika magodoro ya bei mbaya ukutani na hawakufikia ukimya huu.

Baba alikaa juu ya furushi, mimi chini na kinasa sauti. Tatizo likawa moja: anauza.

"Ba," alisema, na "ba" yake ilikuwa na fahali ndani yake.

"Baba, usiuze. Soma tu."

"Ba."

"Bado unauza."

"Sasa mtu aseme vipi bila kutaka kitu?"

"Kama unamwambia mtu muda."

Akafikiri. "Ba," akasema, na safari hii ilikuwa ba tu.

10 Juni

Tumefika "ma". Asubuhi tunarekodi, kisha shambani. Baba anakunywa maji ya moto ili koo lisikauke na amewakataza watu wote kutwanga tukiwa ndani. Mama anasema hajawahi kuona mzee huyu akitii mtu.

14 Juni

Nimeunganisha silabi zote, nikaweka kwenye simu yangu na za wajaribu wangu wawili. Paschal yuko Malampaka, alikuwa mfanyakazi wa reli kabla ya macho yake kwenda. Justina yuko Nassa, anaanika na kuuza dagaa. Wote hawaoni, wote wana vitochi, na wote hawana simile.

Kumbukumbu imetosha. Kurasa kubwa zinafunguka bila kukwama. Lakini sauti, Mungu wangu. Kila silabi imekaa peke yake, sawa na mwenzake, kama watoto waliopangwa mstarini na mwalimu mkali.

Paschal alipiga. "Minza, huyu mtu wako anasoma kama anayesukuma baiskeli juu ya mawe."

"Unamwelewa?"

"Namwelewa. Namhurumia pia."

Najua kosa liko wapi, na ni langu. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Pa-mba, ki-vi-nja-ri: ile "nja" inavutwa kidogo, zilizobaki zinapita. Kwa hiyo kila silabi nahitaji mara mbili, ya kukaza na ya kupita. Yaani kurudia kazi yote upya.

Nilipomwambia baba, aliomba maji ya moto.

18 Juni

Lori limekuja.

Nilikuwa najua kwamba litakuja, lakini tulikuwa tumeambiwa wiki ijayo. Asubuhi Mashimba aliingia na vijana wawili wa kubeba. Alikuwa amesikia kwa karani wa chama cha ushirika kwamba bei inaweza kushuka, na aliyewahi amewahi. Mimi na baba tulikuwa tumerudia hadi "ka". Chumba kikiwa kitupu kitalia kama debe, na silabi nusu za pambani na nusu za kwenye debe haziungani. Masikio yanakataa.

Nilimwomba anipe siku chache. Akasema pamba haisubiri michezo. Nikamwambia si mchezo. Akasema, "Nilikuletea simu nzuri ukaitupa. Sasa unataka familia nzima isimame kwa ajili ya kitochi."

Vijana walianza kuinua furushi la kwanza. Nikapanda nikakaa juu ya pamba.

Sijivunii. Nina umri wa mtu mzima, nimekaa juu ya pamba miguu inaning'inia, na vijana wa watu wamesimama hawajui watazame wapi.

"Shuka, Minza."

"Sishuki."

"Nitakushusha."

"Nishushe. Kisha utafute wa kukuelezea kwa mama."

Hapo nilimsikia baba mlangoni. Alikuwa amekuja polepole, na alisema kwa ile sauti ya chini anayoitumia sasa, sauti ya kusoma silabi.

"Mashimba, pamba ya shamba lako ni ipi humu?"

"Ile ya kule mwisho."

"Chukua hiyo. Ya kwangu haiendi."

"Baba, bei itashuka."

"Itashuka ikiwa yangu."

Mashimba alibeba ya kwake. Hakugombana tena, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alipita karibu na mimi na furushi mgongoni, akinukia jasho na vumbi. Lori lilipoondoka, baba alifunga mlango, akakaa mahali pake.

"Tulikuwa wapi?"

"Ka. Ya kukaza."

"Ka," akasema.

21 Juni

Upepo. Bati linagonga. Hatukurekodi.

22 Juni

Upepo.

23 Juni

Upepo, na baba amekohoa usiku kucha kwa vumbi la pamba. Mama amenikataza kumgusa. Mashimba anakula kwa Machibya.

27 Juni

Bei imeshuka. Si sana, lakini imeshuka. Mashimba amelisema hilo mezani, kwa mama, kana kwamba mimi sipo. Ana haki, na mimi sirudi nyuma. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa nyumba moja.

Baba amepona. Tumefika "nda".

3 Julai

Tumemaliza. Ya mwisho ilikuwa "zwa". Baba hakutoka mara moja. Alikaa juu ya furushi lake, nami nikaona ni saa ya kuuliza, maana humo ndani hata swali zito linatoka jepesi.

"Baba, kwa nini ulikataa nisiende ile shule?"

"Nilidhani watakupiga."

"Walinipiga."

"Basi nilikuwa sahihi."

"Lakini nilisoma."

"Ndiyo," alisema. "Hapo sikuwa sahihi."

Nilianza kucheka mimi, naye akafuata. Mama alikuja kuchungulia akatuuliza kuna nini. Hatukumwambia, si kwa siri, ila kwa sababu ukilisimulia halichekeshi.

Kuhusu wageni nilimuuliza pia. Alisema wageni walikuwa wanaongea juu yangu mbele yangu kana kwamba sisikii, na yeye hakupenda nisikie. Nikamwambia angewanyamazisha wao badala ya kuniita mimi ndani. Akasema ni kweli, hakulifikiria.

Baada ya hapo tulimwita Mashimba aje achukue pamba ya baba. Alikuja. Alisema "mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, kwa chumba kizima, nikaitikia sehemu yangu.

8 Julai

Inasoma. Baba yangu anasoma. Nimefungua taarifa ya hali ya hewa, akanisomea kwamba kutakuwa na upepo wa wastani kanda ya ziwa, akakaza mahali pa kukaza na kupita mahali pa kupita. Nilikuwa nimekaa uani. Mashimba alikuwa anapita na punda, akasimama akaitika, "Naam, baba?"

Hakuna aliyemjibu. Alipoelewa, alisema, "Mh," akaendelea na punda wake. Kwa Mashimba, hiyo ni hotuba.

11 Julai

Kura.

Tulikutana kwa simu ya pamoja mchana wetu, asubuhi ya Anselmo. Kiingereza changu kikipata hasira huwa kizuri, lakini nilijizuia. Niliwachezea sauti. Niliwaeleza ukubwa wake: haifiki hata robo ya ile ya zamani. Wengine wakasifu. Anselmo alisifu kuliko wote.

"Rafiki yangu, ni kazi nzuri sana," akasema. "Lakini ni Kiswahili tu. Hatuwezi kuchelewesha toleo kwa ajili ya lugha moja."

"Ulipoanza Sabia ilikuwa Kireno tu," nilimwambia. "Hakuna aliyesema lugha moja."

"Hiyo ilikuwa tofauti."

"Ilikuwa tofauti kwa sababu ilikuwa ya kwako."

Alisema tusilifanye jambo hili la mtu binafsi. Nikamwambia kwamba kwangu ni la mtu binafsi tangu asubuhi ile kompyuta iliponisomea barua yake. Wakapiga kura. Msomaji ameondolewa. Kulikuwa na kura chache za kupinga. Ya kwangu naijua, nyingine sikujua ni za nani.

Anselmo aliniambia nisikate tamaa. Nilimwambia sijakata kitu, nikafunga.

Nimekwenda shambani. Hakuna pamba tena, mabua tu. Nimetembea katikati ya mistari hadi mwisho, nikarudi.

12 Julai

Leseni ya Sabia inamruhusu mtu yeyote kuchukua msimbo wote, kuugeuza, na kuutoa kwa jina lingine. Tuliliandika hilo sisi wenyewe, na Anselmo ndiye aliyelisisitiza.

Nimechukua wote. Jina ni Noni. Kwa Kisukuma ni ndege, basi. Asiyejua Kisukuma aulize.

Nimewaandikia kikundi mstari mmoja: "Noni itatoka, na itasema."

13 Julai

Nimeamka nikijua nilichofanya. Kivinjari kizima, mtu mmoja. Sehemu ya usalama wa kurasa siifahamu vya kutosha. Sehemu ya picha siwezi hata kuikagua. Mama aliniuliza kama naumwa.

Mchana ikaja barua. Halina. Hakuna salamu.

"Nafasi tupu mwishoni mwa mistari yako bado zipo. Nimeziondoa. Kesho naanza upande wa usalama wa kurasa, wewe shughulika na sauti. Nilipiga kura ya kupinga. H."

Niliirudia kuisikiliza hadi kompyuta ikaniuliza kama kuna tatizo. Mwanamke niliyemlalamikia kwa kukosa salamu ndiye aliyevuka kuja upande wangu. Yule wa "rafiki yangu" amebaki ng'ambo na urafiki wake.

Nimemwandikia wabeja sana, kisha nikamweleza kwamba ni asante ya Kisukuma. Amejibu: "Sawa."

19 Julai

Halina anafanya kazi kama trekta.

25 Julai

Sabia imetoka, kimya. Nimeisifia hadharani, kwa sababu ni nzuri na mkono wangu nao umo. Paschal ameijaribu. "Kama nyumba nzuri iliyofungwa," alisema.

2 Agosti

Noni imetoka. Tuliitoa mchana mimi na Halina. Nilibonyeza mimi; yeye alisema atazamaye ni yeye, basi abonyezaye niwe mimi. Ni utani wa kwanza nimeusikia kwake, na sina hakika kama ulikuwa utani.

Paschal alikuwa wa kwanza kupiga, na hakupiga kushukuru.

"Minza, huyu mzee wako 'ng'a' yake ina kasoro. Anaimeza."

"Nitamwambia."

"Na kwa nini akisoma bei ananifanya nitake kununua?"

Nilicheka sana. Nimemweleza baba, hajakasirika kwa bei, amekasirika kwa "ng'a". Ameisema siku nzima, kwa mbuzi, kwa ukuta, kwa mama.

Nimefurahi kwa jambo lingine. Paschal haniombi. Ananidai, kama mtu anayedai chumvi kwenye mchuzi alioulipia.

9 Agosti

Maombi yanakuja kutoka sehemu ambazo sikuzitaja kwa mtu: Kigoma, Mombasa, Pemba. Si wasioona tu. Wapo wazee wasiojua kusoma. Yupo mama mmoja anayepika, mikono ina unga, anataka asomewe. Mtu wa Lubumbashi anauliza kama tunaweza kurekodi Kiswahili cha kwao. Nimemwambia atafute chumba kimya, nikamweleza namna.

14 Agosti

Barua ya Anselmo. Kwangu peke yangu.

Anasema watu wanaiacha Sabia wanakwenda Noni. Anasema huenda aliharakisha. Anapendekeza tuungane tena: msomaji atakuwa nyongeza, mtu akimhitaji ataingia kwenye mipangilio, atamtafuta, atampakua. Hapo kila mtu atafurahi.

Sikumjibu papo hapo. Nimempigia Halina, mara ya kwanza kuisikia sauti yake peke yake. Ni nyembamba na ya kisichana kuliko nilivyodhani. Aliuliza ninataka nini. Nikamwambia. Akasema, "Basi usikubali pungufu ya hicho."

Jibu langu:

"Anselmo. Mtu asiyeona atamtafutaje msomaji kwenye mipangilio ambayo hakuna anayemsomea? Ni kama kumfungia mtu funguo ndani ya sanduku ukamwambia afungue akitaka. Msomaji aseme kuanzia kioo cha kwanza, simu ikiwashwa, kabla ya mtu kugusa chochote. Asiyemtaka ndiye aende kumzima. Yeye ana macho, ataiona njia. Hilo likiwekwa kwenye kanuni za kikundi, lisiloondolewa kwa kura, tutaungana. Lisipowekwa, Noni inakula na kulala kwake."

Nilimsomea baba kwa Kiswahili. Akauliza huyo Anselmo ana ng'ombe wangapi. Nikasema sidhani kama ana ng'ombe. "Ndiyo maana," alisema.

17 Agosti

Hajajibu. Tunang'oa mabua ya pamba tuyachome kabla ya muda uliowekwa na serikali. Mashimba amenipa mstari wangu bila kuniuliza kama naweza, na kila nikikaribia kuingia wa kwake anasema, "Kushoto." Leo hilo limetosha kabisa.

20 Agosti

Bado.

22 Agosti

Anselmo amejibu. Ameweka kanuni yenyewe kama nilivyoiandika, akaipeleka kwa kikundi, na kikundi kimeipitisha. Hakuandika "rafiki yangu". Ameandika "Minza", na nimeiamini barua hii kuliko zote za nyuma.

Nimekubali kuungana. Noni siifuti. Halina ataitunza pamoja nami, ikae pembeni ikiwa hai, kwa sababu kilichopitishwa na watu kinaweza kutenguliwa na watu, na sikusudii kukaa tena juu ya pamba kuomba.

29 Agosti

Justina wa Nassa amepiga asubuhi. Alikuwa na toleo jipya, lile la kuungana, kwenye simu aliyoizima na kuiwasha upya mwenyewe. Mumewe alikuwa ziwani tangu jana. Miaka yote mume huyo ndiye aliyekuwa anamsomea habari za simu, kila jioni, kwa uvumilivu, na Justina alikuwa anamshukuru.

"Imesema kabla sijagusa kitu," aliniambia. "Nikaifungua ile habari ya mgogoro wa mwalo, pale mitumbwi ya samaki inapotia nanga, ambayo alinisomea juzi. Minza, ni ndefu. Ina watu wanne wanaongea, kuna na mwanamke anayejibizana na mwenyekiti. Mimi alinisomea mstari wa juu na wa chini."

"Alichoka labda."

"Hakuchoka. Nimefungua na za wiki iliyopita. Zote ananirukia mistari. Miaka yote hii ananirukia."

Nilimuuliza atafanya nini mumewe akirudi. Nyuma yake nilisikia dagaa wakigeuzwa juani, na baba yangu, kutoka ile simu nyingine iliyokuwa ikisoma kando yake, katika ua ambao hajawahi kuukanyaga, akisoma kwa utulivu maneno ya yule mwanamke kwa mwenyekiti.

"Nitamwekea kiti," Justina alisema. "Atakaa, na leo nitamsomea mimi. Yote."